Jiwe Mbele ya Kiti cha Abiria

Kwa muda wa miezi minne gari langu lilikuwa na kifaa kimoja ambacho hakikutoka kiwandani: jiwe jeusi lenye ukubwa wa nusu tofali, lililolala mbele ya kiti cha abiria juu ya gunia lililokunjwa. Gari lenyewe ni Eunos Roadster la mwaka 1991, ambalo ni lile lile lililozinduliwa na kampuni ya Mazda mwaka 1989 kwa jina la MX-5 na kuuzwa Japani kwa jina hilo jingine. Lina viti viwili, paa la turubai, injini ya lita 1.6 iliyo mbele inayozungusha magurudumu ya nyuma, na uzito usiofika tani moja. Nililinunua kwa mtu aliyekuwa akihama Kampala, wakati huo likiwa limekwisha kukaa Uganda miaka mingi, nikakubali kasoro zake zote baada ya kuzitazama moja baada ya nyingine, isipokuwa moja ambayo sikuitilia maanani kwa kuwa nilidhani ni kazi ya dakika kumi. Muuzaji aliniambia, "Breki ya mkono imelegea kidogo, utaikaza tu." Neno hilo "utaikaza tu" nimelisikia baadaye kwa watu watatu tofauti, na kila mara lilinigharimu fedha.

Siku nilipoanza kulipa ilikuwa Aprili, katikati ya mvua, kwenye mteremko mmoja wa Muyenga, mtaa wa mlimani hapa Kampala. Nilisimama kando ya barabara kununua chapati, nikauvuta mkono wa breki mpaka ukakaribia kusimama wima, nikaacha injini ikinguruma na gia ikiwa huru kwa sababu nilikusudia kurudi mara moja. Gari lilitulia. Nikateremka hatua chache hadi kwa mama muuza chapati, nikaagiza mbili za mayai, tukazungumza habari za mvua, na zilipita dakika nne au tano hivi kabla sijamsikia mwendesha bodaboda akipiga yowe. Nilipogeuka, gari lilikuwa limekwisha kuondoka, si kwa kasi, bali kwa ule mwendo wa mtu anayetoka msibani bila kuaga, likirudi kinyumenyume kuelekea kwenye sigiri yenye kikaango cha mafuta ya moto. Mwendesha bodaboda huyo ndiye aliyelisukumiza jiwe kwa mguu nyuma ya gurudumu, na gari likasimama ikiwa imebaki kama shubiri mbili lifike kwenye sigiri. Mama yule, aliyekulia Busia na hazungumzi Kiswahili kwa kubahatisha, alinitazama akasema, "Mwanangu, hata mbuzi hufungwa kamba." Nilimwomba radhi, nikalipa chapati ambazo sikuzila, na jiwe lile nikaondoka nalo.

Jambo lililonisumbua kwa siku kadhaa halikuwa kwamba breki ilishindwa, bali kwamba ilishika kwanza halafu ikaachia. Nilikuja kuelewa sababu yake baadaye, na naieleza hapa kwa kuwa wengi hawaijui. Gari hili lina breki za diski nyuma, yaani sahani ya chuma inayozunguka pamoja na gurudumu na kubanwa na pedi pande zote mbili, na mkono wa breki hutumia pedi zile zile zinazotumiwa na pedali ya mguu. Diski iliyotoka kupanda na kuteremka vilima vya Kampala huwa ya moto, na chuma cha moto huwa kimetanuka. Ukiegesha wakati huo na breki yenyewe ni ya kubahatisha, pedi hushika kwa sababu diski imenenepa kidogo. Diski inapopoa husinyaa, mshiko hulegea, na gari huanza safari bila dereva. Ndiyo maana kuijaribu breki ya mkono dakika ile ile unaposimama hakukuambii lolote la uhakika. Inapaswa kujaribiwa ikiwa ya moto, kisha ikiwa imepoa.

Fundi wa kwanza niliyempelekea hakulipandisha gari kwenye jeki. Alifungua kifuniko cha plastiki kilicho kwenye mzizi wa mkono wa breki, akaikuta nati ya kurekebishia kebo inayokwenda magurudumu ya nyuma, akaikaza kwa dakika tatu, na mkono ambao awali ulihitaji meno kumi na moja, yaani milio kumi na moja unapouvuta, ukawa unashika kwenye jino la pili. Nilifurahi kupita kiasi. Nilimlipa, nikamwongezea na ya soda. Baada ya wiki moja nilianza kusikia harufu kama ya kitambaa kilichoachwa chini ya pasi kila nilipofika nyumbani, gari likawa zito kuondoka kwenye taa za barabarani, na petroli ikawa inaisha mapema kuliko nilivyozoea. Siku moja nilipoisogeza mikono yangu karibu na magurudumu ya nyuma, la kulia lilikuwa na joto la kawaida, la kushoto halikukaribika. Nikarudi kwa fundi, naye akailegeza nati ile ile kwa dakika tatu zile zile. Breki ya mkono ikarudi kuwa pambo.

Fundi wa pili alisema pedi zimekwisha, na hapo hakukosea, kwa kuwa ya kushoto ilikuwa imelika hadi kubaki unene wa sarafu. Alikosea katika namna ya kuingiza mpya. Pedi mpya ni nene, kwa hiyo lazima pistoni inayozisukuma irudishwe ndani ya kalipa, kile kibano kinachozishika, ili zipate nafasi. Kwenye kalipa za mbele kazi hiyo hufanywa kwa kuisukuma pistoni moja kwa moja kwa klempu, na fundi huyu, ambaye nadhani alikuwa amefanya hivyo maelfu ya mara, alifunga klempu yake kwenye kalipa ya nyuma akaanza kukaza. Pistoni haikusogea. Akaongeza bomba la chuma kwenye mpini wa klempu ili apate nguvu zaidi. Nilikuwa nimesimama pembeni, na moyoni nilijua kwamba chuma kinachokataa kiasi hicho kina sababu, lakini nilinyamaza kwa ile heshima ya kijinga tunayompa mtu aliyeshika spana. Pistoni ilirudi kidogo kwa kishindo, pedi zikalazimishwa kuingia, na kesho yake nikakuta unyevu wa mafuta ya breki upande wa ndani wa gurudumu.

Hapo ndipo nilipomkumbuka afande. Nilikulia kambini, baba yangu akiwa askari, na miongoni mwa watu waliotuzunguka alikuwapo mzee mmoja aliyetengeneza magari ya jeshi kwa miaka mingi kabla ya kustaafu na kuhamia Jinja. Sisi tuliokuwa watoto wakati ule tunamwita afande hadi leo, naye hutuita vijana hata kama tuna mvi. Niliilegeza kabisa nati ya kebo ili gurudumu lisiungue njiani, nikajaza mafuta ya breki hadi alama ya juu, nikaingia barabarani asubuhi na mapema. Kampala hadi Jinja ni kama kilomita 80, na niliziendesha polepole nikipita msitu wa Mabira nyuma ya malori ya miwa, nikisimama mara mbili kukagua mafuta.

Afande hakugusa spana kwa muda mrefu. Alinyunyiza maji ya chupa kwenye diski ya kulia, yakakauka polepole. Akanyunyiza kwenye ya kushoto, yakaruka kwa mlio wa kikaangio, ingawa kebo nilikuwa nimeilegeza. Akaniambia niingie nivute mkono nikihesabu kwa sauti. Nilifika kumi na mbili. "Hili linatakiwa likamate kati ya tano na saba," alisema. "Nani alikaza huku juu?" Nilimweleza habari zote, pamoja na ile ya klempu, nikitumaini kwamba atawalaumu mafundi na kuniacha mimi. Akasema, "Mlimkaza mshipi mtu mwenye njaa, mkadhani ameshiba. Na wewe kijana ulikuwa wapi?"

Tuliweka magogo mbele na nyuma ya magurudumu ya mbele, tukaachia mkono wa breki, tukapandisha nyuma na kuikalisha juu ya stendi mbili, kwa sababu afande hakubali mtu aingie chini ya gari lililoshikiliwa na jeki pekee. Tulipoondoa magurudumu alinionyesha wenzo mdogo ulio nyuma ya kila kalipa, ambao yeye huuita kiwiko. Kebo inapovutwa, kiwiko hujikunja na kusukuma pistoni kutoka ndani. Kebo inapoachiwa, springi hukirudisha hadi kigote kwenye kituo chake. Alizichomoa kebo zote mbili. Kiwiko cha kulia alikisukuma kwa kidole kikaenda na kurudi kwa mlio mdogo wa chuma kugonga chuma. Cha kushoto alikisukuma kikaenda, kisha kikabaki pale pale, katikati ya njia, kama mkono wa mzee mwenye baridi yabisi.

Sababu yake ilionekana kwa macho. Ile raba ndogo inayovaa shina la kiwiko ili kuzuia vumbi ilikuwa imepasuka, pengine miaka mingi nyuma, na vumbi jekundu la barabara zetu za murami lilikuwa limeingia likachanganyika na grisi na maji ya mvua hadi likawa udongo wa kufinyangia. Afande alikwangua kidogo kwa ncha ya bisibisi akaniwekea kiganjani. Kilikuwa kigumu kiasi kwamba nilikivunja kwa kucha kama ugoro uliokauka. Shina lililokusudiwa kuzunguka kwa ulaini lilikuwa likisaga ndani ya udongo huo. Kila nilipovuta breki lilikwenda kwa nguvu za kebo, na kila nilipoachia springi haikuwa na ubavu wa kulirudisha.

Upande wa kulia kiwiko kilikuwa kizima, lakini kebo yenyewe ilikuwa mgonjwa. Aliishika ncha yake kwa koleo akaivuta, na waya haukuteleza ndani ya ala yake hata kwa upana wa ukucha, kwa kuwa maji yaliingia mahali ambapo plastiki ya nje ilichubuka, na waya ukashikana na ala kwa kutu. Kwa hiyo nilikuwa na gurudumu moja linaloshika bila kuachia na jingine lisiloshika kabisa. Fundi wa kwanza alipokaza nati kule juu, nguvu zote zilikwenda kushoto, ambako tayari kulikuwa kumeshika. Nilipokaa kuyatafakari hayo usiku, niliona kwamba hakuna kiasi chochote cha kukaza kilichoweza kuyatibu, na kwamba nati ile ni ya kumalizia kazi ambayo imekwisha kufanyika kwenye magurudumu.

Jambo la mwisho alilonionyesha siku hiyo ndilo ninalomsimulia kila mwenye gari kama langu. Nyuma ya kalipa kuna bolti moja ya spana namba 14 ambayo haishikilii kitu. Ni kizibo tu. Ukiifungua unakuta shimo, na ndani yake kichwa cha skrubu kinachozungushwa kwa alenki ya milimita 4, ule ufunguo mdogo wenye pembe sita uliopindwa kama herufi L. Skrubu hiyo ndiyo inayoisogeza pistoni: ukiizungusha kushoto pistoni hurudi ndani, ukiizungusha kulia hutoka kuelekea kwenye diski. Yaani ile pistoni iliyopigiwa klempu na bomba la chuma ingerudi kwa vidole viwili. Bolti zote mbili zilikuwa na kutu ya zamani isiyo na alama ya spana hata moja. Hakuna aliyezigusa tangu nilinunue gari, na huenda ni tangu miaka mingi kabla yangu. Naongeza tahadhari hapa: magari mengine mengi yenye diski nyuma hurudisha pistoni kwa kuizungusha yenyewe kwa kifaa maalumu, na mengine yana ngoma ndogo ya breki ndani ya diski, kwa hiyo nisemayo kuhusu alenki ni ya gari hili.

Kupata spea kulichukua muda mrefu kuliko utengenezaji wote. Nilizunguka soko la spea la Kisekka, huko Kampala, kwa siku mbili, nikaonyeshwa kebo za kila gari la Kijapani isipokuwa langu. Magari ya aina hii hayakuwahi kuwa mengi nchini, na tangu sheria ya 2018 ilipozuia kuingizwa kwa magari yaliyofikisha umri wa miaka 15, hakuna tena mengine ya kizazi hiki yanayoshuka kutoka melini ambayo siku moja yangekatwakatwa na kuuzwa vipande. Huko Katwe nilikutana na kijana hodari aliyejitolea kunitengenezea kebo kutokana na waya wa klachi ya pikipiki. Nawaheshimu sana mafundi wa Katwe, na nyumbani kwangu kuna geti na jiko walilolitengeneza, lakini waya ule ulikuwa mwembamba kuliko wa awali na ncha zake zingefungwa kwa risasi ya kuchomelea. Nilikataa kwa adabu. Niliagiza kebo kutoka Japani pamoja na seti ya raba za kalipa, nikasubiri, na katika muda huo wote jiwe ndilo lililokuwa breki yangu, likisaidiwa na gia ya kwanza nilipoegesha kuelekea mlimani na gia ya nyuma nilipoelekea bondeni. Gia peke yake sikuiamini, kwa kuwa kinachozuia gari hapo ni mgandamizo wa injini tu, na injini ndogo ya miaka thelathini na zaidi huvuja mgandamizo huo kidogo kidogo.

Spea zilipofika nilirudi Jinja, na safari hii afande alikaa kwenye kiti cha plastiki akaniacha nifanye mwenyewe. Nilifungua kalipa ya kushoto, nikaitoa pistoni, nikakuta raba yake imekunjwa ukingoni na ile nguvu ya klempu. Shina la kiwiko lililowekwa mafuta ya kulegeza kutu usiku kucha lilitoka asubuhi kwa kubembelezwa, nikalisugua kwa msasa laini hadi likang'aa. Nilipotaka kulipaka grisi ya kawaida ya bearingi iliyokuwa kwenye kopo, afande alinyanyuka kwenye kiti. Grisi na mafuta yatokanayo na mafuta ghafi hufanya raba za breki kuvimba na kulainika, na raba iliyovimba hung'ang'ania pistoni. Kila panapokutana na raba inatakiwa grisi maalumu ya breki, na ndani ya kalipa yasiingie mafuta mengine zaidi ya ya breki yenyewe. Alinieleza hayo kwa sauti ya gwaride, majirani wakasikia.

Kurekebisha kwenyewe kulikuwa kwepesi hadi nikaona aibu. Nilihakikisha kebo imelegea kabisa, ili viwiko vyote viwili vigote kwenye vituo vyao. Nikaingiza alenki, nikaizungusha kulia huku mkono mwingine ukilizungusha gurudumu, hadi pedi zikaikumbatia diski na gurudumu likakataa kwenda. Kisha nikairudisha nyuma theluthi moja ya mzunguko, gurudumu likawa huru likiacha mkwaruzo mwepesi kama wa karatasi. Nikafanya vivyo hivyo upande wa pili, nikarudisha bolti za kizibo, nikatoa upepo kwenye mfumo wa breki, nikakanyaga pedali mara nyingi ili kila kitu kikae mahali pake. Baada ya hayo yote ndipo nilipoigusa nati ya kule juu, nikaikaza hadi mkono ukashika kwenye jino la sita. Afande alizungusha gurudumu moja, mimi jingine, gari likiwa bado juu ya stendi: jino la tatu yote mawili yalianza kuwa mazito, la sita hayakusogea, na mkono ulipoachiwa yalizunguka kwa uhuru sawasawa. Akasema, "Haya, kaoge."

Kebo mpya naitumia kila siku, hata ninapoegesha mahali tambarare, kwa sababu nimeona kwamba waliowahi kuogopeshwa na breki ya mkono huacha kuivuta, na waya usiovutwa ndio unaokaribisha kutu. Mvua zinapoisha navua magurudumu ya nyuma, nasafisha matope kwenye viwiko kwa brashi na kukagua raba zake, kazi isiyomaliza saa moja. Vijana wa mtaani wanaopenda mashindano ya magari huniomba niuvute mkono kwenye kona ili nyuma iteleze. Nawaambia wanitafutie kebo nyingine kwanza.

Mwezi uliopita nilisimama tena Muyenga, mahali pale pale, nikauvuta mkono mpaka jino la sita, nikatia gia ya kwanza, nikazima injini, nikageuza magurudumu ya mbele ili gari likianza kurudi ligote kwenye ukingo wa barabara. Nilimweleza mama muuza chapati kwamba limetengenezwa, tena kwa mkono wangu mwenyewe. Alinisikiliza hadi mwisho akitikisa kichwa kwa upole, akaifuta mikono yake kwenye leso, akaenda kuchukua tofali alilokuwa ameliegemeza ukutani, akaliweka nyuma ya gurudumu. Kisha akaniuliza nataka mayai mangapi.